Ngitili: Majani ya Ndama, Msitu wa Kijiji

Mvua za kwanza zikishaanguka Usukumani, kwenye Novemba au Desemba, mkuu wa kaya huamua ni kipande gani cha eneo lake kitafungwa. Mara nyingi hajengi uzio. Pengine upande mmoja una mstari wa minyaa, pengine hakuna alama yoyote ila kichuguu na mbuyu. Majirani wanaujua mpaka, na watoto wachungaji wanaujua zaidi, maana wao ndio watakaochapwa ng'ombe wakiingia. Majani yanaachwa yakue mpaka yakauke yakiwa yamesimama. Kwenye Julai au Agosti, kwingine kote kukiwa kumebaki vumbi, ndipo panapofunguliwa, na hata hapo si kwa kundi zima. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaovuta plau mvua zikirudi. Wanalishwa upande mmoja kwanza. Ukiisha, wanahamia mwingine.

Hiyo ndiyo ngitili. Hakuna mtaalamu wa mazingira aliyeibuni, wala aliyeifunga hakuwa na nia ya kuokoa dunia. Alikuwa na ndama. Nalisema hili kwa sababu siku hizi mtu akiuliza mwananchi wa kawaida afanye nini kuhusu mazingira, jibu linalomjia haraka ni fulana yenye maandishi, maandamano ya asubuhi, na mche unaopandwa mbele ya kamera na kukauka wiki mbili baadaye. Wasukuma wa Shinyanga walirudisha misitu yao bila hayo.

Misitu hiyo ilikuwa imepotea kwa mikono mingi. Wakati wa mkoloni, kuanzia miaka ya 1920, vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kuangamiza mbung'o. Pamba ikaja ikala mapori yaliyosalia. Halafu, katikati ya miaka ya 1970, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa na kuziacha ngitili zao nyuma. Eneo lililokuwa na mwenyewe likawa la wote, na la wote huliwa na anayewahi. Mwalimu Nyerere alipopita mkoani Shinyanga mwaka 1984, alikuta nchi inayoelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliufupisha wakauita HASHI.

HASHI nao walianza na miche. Wakaweka vitalu, wakagawa miti, mingi ya kigeni, na mapokezi yakawa baridi. Haikuwa ajabu. Mche unataka kumwagiliwa mahali ambapo mama anatembea mbali kutafuta ndoo ya maji ya kunywa, na mbuzi wa jirani hajui kwamba huo ni mradi. Baadaye maofisa wakabadili mwendo, wakaenda kuwasikiliza wazee, na wazee wakataja ngitili.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa rahisi kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Chini ya ardhi iliyoonekana imekufa, visiki vya migunga na miti mingine ya asili vilikuwa bado hai. Kila mwaka vilichipua, na kila mwaka vilitafunwa. Eneo likifungwa msimu mmoja, majani yanarudi. Likifungwa misimu kadhaa mfululizo, machipukizi yanapita urefu wa mdomo wa mbuzi, na hapo hayarudi nyuma tena. Hakuna aliyepanda kitu. Watu walizuia mifugo, wakasubiri.

Kusubiri, lakini, kunahitaji adabu ya kijiji kizima, na Wasukuma walikuwa na chombo chake. Dagashida ni mkutano wa jadi ambamo sheria hutungwa na kesi husikilizwa mbele ya watu, na sungusungu, waliochomoza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, ndio waliokuwa na miguu ya kuzifuatilia sheria hizo. Anayekamatwa akichunga ndani ya ngitili iliyofungwa, au akikata mti mbichi, hutozwa mchenya, yaani faini. Akikaidi, majirani humtenga. Kulipa faini mtu anaweza, tena akaondoka akicheka. Lakini afiwe, na asiwepo hata mmoja wa kuja kumchimbia kaburi! Sijaona sheria ndogo ya halmashauri yenye meno ya namna hiyo. Ingawa nakiri, meno hayo yakiangukia asiye na hatia, hana pa kukata rufaa.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana rasmi zilifika hekta 600 hivi. Ulipofungwa mwaka 2004, katika mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, kabla Simiyu haijakatwa humo, zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Nyingine ni za kaya, hekta chache tu; nyingine ni za kijiji, za shule au za vikundi.

Kati ya faida zilizorudi, kuni ndizo akina mama walizozitaja kwanza, kwa sababu zilisogea karibu na nyumba. Zikarudi nyasi za kuezekea, asali, uyoga wa masika, matunda ya porini ya watoto, na mizizi ya waganga. Nsansa, yaani mboga za majani zilizoanikwa juani, zikapata tena moto wa kuzipikia, badala ya samadi iliyopaswa kwenda shambani. Fisi nao walirudi, pamoja na makundi ya ndege wanaokula mtama, na wenye mifugo na mashamba hawakuwapigia makofi.

Linalonisumbua ni mgawanyo. Ngitili ya kaya ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni mwanamume mwenye ng'ombe. Kiangazi kikikaza, huwakodishia wenzake majani, na bei haipangwi na dagashida. Asiye na ng'ombe hana anachofungulia mwezi wa Agosti. Kwake kilichobaki ni ngitili ya kijiji, na hiyo ndiyo inayomegwa kwanza familia zinapoongezeka na vijana wanapotaka mashamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji nguvu ya kusimamia ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kutangaza msitu wake wa hifadhi. Kwa hiyo njia ipo: mkutano mkuu wa kijiji ukae, mipaka ya ngitili ya wote ipimwe na kuandikwa, na mjane asiye na hata mbuzi aandikiwe haki yake ya kuni kavu na uyoga kama mwenye ng'ombe mia alivyo na haki ya majani. Katika mikutano hiyo wanawake hukaa nyuma. Wanaookota kuni ni wao, na wanaojua mti gani umekatwa jana ni wao pia.