Telegramu ya zamani ina hela?

Wadau, juzi hapa Ifakara bibi alikuwa anawashia jiko makaratasi ya zamani. Nikaokoa moja: telegramu toka Tanga. "MZEE AMEFARIKI JANA NJOONI." Maneno manne tu, maana telegramu ililipiwa kwa neno.

Je, inauzika? Wakusanyaji wanataka fomu halisi, muhuri unaosomeka mji na tarehe, na tukio kubwa au mtu maarufu. Ikiwa na jina la Posta na Simu ya Afrika Mashariki, fomu ilichapwa kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Usibandike selotepu, na masika ya huku Kilombero ikinge na unyevu.

Ya kifamilia bei yake ndogo. Lakini nilipomsomea bibi, alinyamaza, akaichukua, akaifunga kwenye khanga. Haiuzwi ng'o. Nyie mnazo?