Kabla barua haijafika

Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya Marekani kwa siku 90 ili ifanyiwe mapitio. Hazikupita siku nyingi, barua za kusitisha kazi zikawa zimefika kwenye ofisi za miradi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko. Machi 10 Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Ilipofika Julai 1, shirika hilo likaacha rasmi kusimamia misaada. Kwa msomaji wa gazeti hizo ni habari za siku nne. Kwa karani wa takwimu wa mradi wa UKIMWI, kwa dereva wa mradi, kwa mhasibu wa shirika dogo la Iringa au Kisumu, kati ya habari moja na nyingine kulikuwa na majuma ya kuamka asubuhi bila kujua kama jioni atarudi akiwa bado mwajiriwa.

Majuma hayo ndiyo ninayotaka kuyazungumzia, maana yanapuuzwa. Tumezoea kudhani kwamba maumivu ya kupoteza kazi yanaanza siku ya barua. Mimi ni mshauri nasaha, na wengi wanaonijia wakiwa hoi kwa sababu ya kazi bado wanayo kazi hiyo. Mshahara unaingia. Kwa hiyo wanaona hata aibu kulalamika: mwenzako kashafukuzwa, wewe unalia nini? Jibu la kitaalamu ni kwamba wana sababu ya kulia, na sababu hiyo imepimwa.

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, walichapisha matokeo ya jaribio moja. Washiriki walicheza mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe na kukisia kama chini yake kuna nyoka. Kila nyoka alipotokea, mshiriki alipigwa shoti ya umeme mkononi, ndogo lakini yenye kuuma. Wakati huohuo watafiti walipima jasho la ngozi na kutanuka kwa mboni za macho, dalili mbili za msongo ambazo mtu hawezi kuziigiza. Msongo haukuwa mkubwa kuliko wote pale mshiriki alipojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Ulifika kilele pale uwezekano wa kupigwa na wa kutopigwa ulipokuwa nusu kwa nusu.

Nje ya maabara picha ni hiyohiyo. Stanislav Kasl na Sidney Cobb waliwafuatilia wanaume wa viwanda vilivyokuwa vinakaribia kufungwa Marekani, na katika makala yao ya mwaka 1970 wakaonyesha kwamba shinikizo la damu lilikuwa juu tangu kipindi cha kusubiri, kabla mtu hajatoka kazini, likaja kushuka baadaye walipotulia kwenye ajira mpya. Jane Ferrie na wenzake waliona jambo linalofanana kwa watumishi wa serikali wa London ambao idara yao ilikuwa njiani kubinafsishwa: afya ilianza kuzorota wakati habari zikiwa bado ni fununu.

Maelezo yake si magumu. Hatari unayoijua, mwili unajiandaa nayo, unaikabili, kisha unapumzika. Hatari usiyojua itakuja lini wala kama itakuja, mwili unabaki zamu usiku na mchana kama mlinzi asiye na wa kumpokea. Homoni za tahadhari hazishuki zinapopaswa kushuka. Mtu analala saa tano, saa tisa usiku macho makavu. Anafungua barua pepe, anafunga, anafungua tena. Mtoto akimwaga chai anafokewa kama aliyechoma nyumba. Tumbo linawaka, kichwa kinauma, mwili unachoka bila kazi nzito. Wengi wetu tukihisi hivyo tunakimbilia kupima malaria na taifodi, na majibu yakija safi tunanunua dawa za vidonda vya tumbo. Wengine wanaanza bia moja ya kutafutia usingizi, na baada ya mwezi bia moja haitoshi.

Kwetu hofu hii ina uzito wa ziada. Mshahara mmoja una watu wengi nyuma yake: ada ya mdogo wako aliye chuo, dawa za sukari za mama kijijini, marejesho ya kikoba, mkopo wa benki unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na mkopo wa SACCOS ambao wadhamini wake ni wafanyakazi wenzako wanaosubiri barua hiyohiyo. Anayeogopa kupoteza kazi anaogopa kuonekana amewaangusha watu wote hao kwa siku moja. Ndiyo maana hasemi. Na kwa wanaume wengi, kutosema kunaendelea hata baada ya kazi kwisha: shati linapigwa pasi, anaaga, anakwenda kushinda kijiweni upande mwingine wa mji hadi jua lizame.

Naomba nianzie hapo kwenye ukimya, kwa sababu katika kazi yangu sijaona kitu kinachomtafuna mtu haraka kama siri ya aina hii. Mwenzi wako ameshajua kuna jambo. Anaona huli, anaona simu imegeuzwa kifudifudi, na asipopewa maelezo atayatunga mwenyewe, mara nyingi ya mwanamke mwingine au mwanamume mwingine. Sasa nyumba moja ina hofu mbili, na hakuna anayejua ya mwenzake. Mazungumzo hayahitaji hotuba. Tafuta saa ambayo watoto wamelala na hakuna anayekimbilia mahali, useme kilicho kweli: "Mama Neema, ofisini wanapunguza watu. Sijaambiwa kama nimo, lakini naogopa. Sitaki usikie kwa watu." Kisha nyamaza, mwache naye aogope kidogo. Usikimbilie kumtuliza kwa ahadi usizozimiliki. Swali la pili, la nini kipunguzwe na nani aambiwe, linaweza kusubiri jioni nyingine. Ndugu wanaotegemea msaada wako nao wanastahili kujua mapema, hata kwa sentensi moja: "Mwezi wa sita sina uhakika, tujipange." Mdogo wako wa chuo atakasirika leo, lakini atakuwa na miezi miwili ya kuhangaikia ada kabla ya mitihani.

Baada ya nyumba, karatasi. Nawaomba watu wachukue karatasi ya kawaida, si simu, waandike upande mmoja mambo wasiyoyajua ambayo hakuna awezaye kuwajibu leo, na upande wa pili mambo wasiyoyajua ambayo jibu lake lipo mahali. Karibu kila mara upande wa pili unajaa kuliko walivyotarajia. Mkataba wangu unaisha tarehe ngapi, na unasema nini juu ya notisi? Mwajiri amepeleka michango yangu yote kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii? Mkopo wangu una bima inayolipa nikiachishwa? Siku za likizo nisizochukua ni ngapi? Haya yana majibu, na kila jibu, hata likiwa baya, linapunguza ile nusu kwa nusu inayotesa.

Sheria nayo imo kwenye upande huo wa pili. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya nia hiyo, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama, juu ya njia za kuepuka upunguzaji, jinsi ya kuchagua watakaoondoka, lini, na malipo gani. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi wanazipoteza siku hizo kwa kuona haya. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inadai taarifa ya angalau mwezi mmoja kabla, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Mwenye mkataba wa muda maalumu asome kwa makini zaidi, kwa kuwa mkataba ukifika mwisho wake mara nyingi hauhesabiki kuwa ni upunguzaji. Naandika habari za sheria kwenye ukurasa wa saikolojia kwa makusudi. Nimeona mtu akipumua vizuri baada ya kupiga hesabu na kujua kwamba, yakitokea, ana miezi minne ya kula. Hakuna zoezi la kuvuta pumzi linalofanya kazi hiyo.

Upande wa kwanza wa karatasi, wa yasiyojibika, ndio unaolishwa na kundi la WhatsApp la ofisini. Saa nne usiku mtu anaandika "jamaa wa makao makuu kasema orodha iko tayari", na watu 40 hawalali. Sisemi utoke kwenye kundi. Huko pia ndiko wenzako waliko. Lizime sauti, ulifungue mara moja mchana ukiwa umekula, na baada ya saa mbili usiku simu ilale sebuleni. Mawazo yakija usiku, na yatakuja, yaandike kwenye daftari. Mwaka 1994 Stefanie Spera, Eric Buhrfeind na James Pennebaker walichapisha utafiti juu ya wataalamu walioachishwa kazi Marekani. Waliopewa jukumu la kuandika kwa siku tano mfululizo, dakika 20 kila siku, mawazo na hisia zao za ndani kabisa juu ya kupoteza kazi, walipata ajira mpya mapema kuliko wenzao ambao hawakuandika hivyo. Na hawakuwa wamepiga simu nyingi zaidi wala kutuma barua nyingi zaidi za maombi. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba mtu aliyeishusha hasira yake kwenye karatasi haendi nayo kwenye usaili.

Kuna ushauri mmoja unaotolewa kwa nia njema ambao nauogopa: "Anzisha biashara." Biashara ni njema, lakini anayekimbilia mtaji akiwa hajalala vizuri kwa wiki sita anaamua kwa hofu. Hapo ndipo mafao yote yanaishia kwenye bodaboda mbili na duka lisilo na hesabu, au mtu anachukua mkopo wa kausha damu akitumaini kuuzungusha. Ukiweza, kaa na fedha hiyo bila kuigusa mpaka usingizi urudi.

Kazi pia inatupa vitu ambavyo havimo kwenye hati ya mshahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichunguza kijiji cha Marienthal, Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichowaajiri karibu wote kilikuwa kimefungwa. Walitegemea watu wenye muda mwingi wautumie. Wakakuta vitabu vinavyoazimwa maktaba vimepungua, na wanaume wakitembea barabarani polepole na kusimamasimama bila sababu. Jahoda alikuja kueleza baadaye kwamba ajira inampa mtu ratiba ya siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja, heshima, na shughuli ya kila siku. Nalisema hili kwa anayesubiri kwa sababu vitu hivyo vinaweza kuanza kujengwa mahali pengine kabla ofisi haijafungwa: kwaya, darasa la madrasa unalosaidia kufundisha, timu ya mazoezi ya asubuhi, kamati ya shule ya mtaani. Mwenye pa kwenda Jumanne jioni hapotezi kila kitu siku moja.

Ipo hatua ambapo makala haitoshi. Ikiwa kwa zaidi ya wiki mbili huoni raha ya chochote, huli, hulali, unakunywa kila siku, au unajikuta ukiwaza kwamba familia ingekuwa nafuu bila wewe, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uulizie huduma ya afya ya akili. Leo, si mwisho wa mwezi. Ukisikia mwenzako akisema maneno hayo, hata kwa utani, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Linampa mlango wa kusema. Usimwache peke yake, msindikize.

Nimewasemesha wanaosubiri, lakini wako wanaoshika orodha. Mwaka 1991 David Schweiger na Angelo DeNisi walilinganisha viwanda viwili vya kampuni iliyokuwa ikiunganishwa na nyingine. Kimoja kiliachwa na taarifa za kawaida. Kingine kilipewa taarifa za mara kwa mara na za kweli, na mahali pa kuuliza maswali. Katika kile cha kwanza msongo uliendelea kupanda na imani kwa uongozi ikashuka. Katika cha pili hali ilitulia, ingawa habari zenyewe hazikuwa nzuri. Viongozi wengi hunyamaza wakiamini wanawalinda watu wao wasiingiwe na hofu. Hofu imeshaingia. Ofisa utumishi ambaye bado hana jibu anacho kitu kimoja cha kutoa: tarehe. Abandike ubaoni kwamba Ijumaa ya tarehe fulani, saa nane mchana, atasimama mbele ya wafanyakazi na kueleza anachokijua, hata kama atakachokijua siku hiyo ni kidogo. Na ikifika Ijumaa hiyo saa nane, asimame.