Bei ya Kilo Moja

Mwaka 2009 kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilitangaza betri ya gari ya yuro 1,904, kodi ikiwemo. Ilikuwa betri ya litiamu yenye uzito usiofika kilo 6, nyepesi kuliko ile ya kawaida ya risasi kwa kilo 10 na zaidi. Kwa kuwa ilikuwa na tabia ya kugoma kwenye baridi kali, mnunuzi alikabidhiwa na ile ya kawaida pia, aitunze nyumbani hadi majira ya baridi yafike. Ukigawanya bei kwa uzito uliookolewa unapata kama yuro 190 kwa kila kilo iliyoondoka garini. Wateja walijitokeza.

Ndivyo ilivyo biashara nzima ya kupunguza uzito wa magari madogo ya spoti. Mteja analipa ili apungukiwe, na kadiri anavyozidi kupungukiwa ndivyo anavyozidi kulipa. Msomaji aliyekua akiifuatilia Safari Rally amezoea kinyume chake. Kule gari huongezwa bamba la chuma chini ya injini na vyuma vya mbele vya kukabili mawe na wanyama, maana gari jepesi lililokwama porini halimfai mtu. Lakini kwenye lami laini ya uwanja wa mbio, ambako hakuna shimo wala punda, uzito ni hasara tupu.

Soko kubwa la shughuli hii liko Uingereza, na linategemea kile kinachoitwa siku ya saketi. Mtu wa kawaida analipia mamia ya pauni, anakuja na gari lake, anahudhuria maelezo ya usalama asubuhi, anavaa helmeti, kisha anaachiwa uwanja. Hayo si mashindano. Muda haupimwi, na hupiti gari la mbele mpaka dereva wake akuruhusu. Mfanyabiashara mkubwa zaidi hapo ni MotorSport Vision, kampuni ya Jonathan Palmer aliyewahi kuendesha Formula One. Mwaka 2004 ilinunua Brands Hatch, Oulton Park, Snetterton na Cadwell Park kwa mpigo, na baadaye ikachukua Donington Park. Mwenye uwanja analipwa mvua inyeshe, jua liwake. Wengine wote kwenye mnyororo huu, yaani mafundi, wauza viti, wauza rimu na wauza matairi, wanagombania hela inayobaki mfukoni mwa dereva baada ya kiingilio.

Kwa nini dereva huyo ahangaikie uzito badala ya kuongeza nguvu za injini? Jibu liko kwenye breki. Nishati ya gari linalokimbia huenda sambamba na uzito wake, kwa hiyo gari la kilo 1,000 likishushwa hadi 900, kila linapopunguzwa mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa diski zinameza joto pungufu kwa asilimia 10. Hesabu hiyo inajirudia kila kona, mzunguko baada ya mzunguko, siku nzima. Farasi wa ziada kwenye injini wanakusaidia kwenye njia iliyonyooka tu, tena wanakufikisha kwenye kona na mwendo mkubwa zaidi wa kuzima. Wepesi unakusaidia kuondoka, kukata kona na kusimama. Na unasaidia mahali ambapo wauzaji hawapendi kupataja: matairi na pedi za breki vinadumu zaidi.

Gari la wenye kipato cha kawaida katika michezo hii ni Mazda MX-5. La kwanza lilioneshwa Chicago mwaka 1989 likiwa na uzito wa chini kidogo ya tani moja, na kufikia mwaka 2016 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni moja. Mazda wenyewe ni mabahili wa uzito. Walipotengeneza toleo la tatu waliwataka wahandisi wapunguze gramu popote zinapopatikana, na kioo cha ndani cha kutazama nyuma peke yake kikachangia gramu 84. Kwa hiyo anayenunua MX-5 kuukuu ili aipunguze uzito anakuta wahandisi wa Mazda huko Hiroshima walishapita.

Hata hivyo, kuna kilo za bure, na ndizo bora kuliko zote. Tairi la spea na jeki vikitolewa kwenye buti, kilo 10 na ushei zimeondoka. Zulia, redio na spika, mikeka ya buti, kiti cha abiria kama huna abiria: spana na jioni moja vinatosha. Hata tangi la mafuta ni akiba, kwani petroli ina uzito wa karibu kilo tatu kwa kila lita nne, na tangi la lita 45 lililojaa linabeba zaidi ya kilo 30. Waliozoea wanaingia na robo tangi na kidumu pembeni. Hakuna dukani anayekuambia hayo, na sababu yake inaeleweka. Kilo ya bure haina faida kwa yeyote isipokuwa kwako.

Baada ya hapo inaanza kazi ya jasho. Chini ya zulia watengenezaji hubandika vipande vya lami vya kuzuia kelele, vimeshikana na bati kiasi kwamba ukivikwangua vinavutika kama uji mzito. Fundi anayejua anamwaga vipande vya barafu kavu, ile ya kabonidioksidi yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, anavisambaza sakafuni kwa glavu nene, milango ya gereji ikiwa wazi ili gesi isimleweshe. Anasubiri mpaka ukungu mweupe utulie na lami igeuke rangi ya majivu. Kisha anagonga kwa nyundo ndogo, taratibu. Lami inapasuka kama kigae, na vipande vinainuliwa kwa mkono bati likibaki safi. Kwenye gari dogo zinatoka kilo chache tu kwa kazi hiyo yote, na ukimlipa fundi kwa saa utagundua kwamba umeshaanza kuikaribia bei ya wale wa betri. Ila hapo angalau umenunua nguvu kazi na si jina la kampuni.

Daraja linalofuata ni la vipuri vya kununua, na hapa mteja anahitaji akili. Kiti cha kiwandani chenye reli, mota na sponji kinaweza kufika kilo 15 au 20. Kiti cha fibaglasi cha kukaa kama ndani ya ganda kina kilo 5 hadi 8. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo pesa nzuri kuliko zote kwenye orodha, kwa sababu kiti kinapunguza kilo nyingi na papo hapo kinamshika dereva asiteleze kwenye kona. Betri ya litiamu nayo imeshuka bei sana tangu siku zile za Porsche na sasa ni ununuzi wa kawaida. Vioo vya pembeni vya polikaboneti vina uzito wa karibu nusu ya glasi ya unene ule ule, lakini vinachubuka haraka. Boneti ya nyuzi za kaboni inapendeza kwenye picha. Kama ile ya kiwandani ilikuwa ya aluminiamu tayari, kama ilivyo kwenye MX-5, unalipia kilo za kuhesabika kwa vidole.

Kwenye rimu ndiko kwenye vichekesho. Uzito unaozunguka, ulio chini ya springi, una madhara kuliko ule uliotulia ndani ya gari, na kila muuzaji analijua hilo na kulirudia. MX-5 ya mwanzo ilitoka kiwandani na rimu za inchi 14 zenye uzito wa kama kilo tano na nusu kila moja. Wamiliki wengi walizivua wakaweka za inchi 16 au 17 zilizoandikwa kwamba ni za mbio, nzito kuliko zile walizozitoa, na matairi mapana juu yake. Wamelipa ili gari liongezeke uzito pale pale panapouma zaidi. Kabla ya kununua rimu, iweke ya zamani kwenye mizani. Duka lisilotaja uzito wa rimu zake halina sababu ya kupata hela yako.

Ekzosi ya titaniamu ina mtego wake. Titaniamu ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya chuma cha pua, na wepesi mwingi zaidi unapatikana kwa kupunguza tumbo la kuzuia sauti. Viwanja vya Uingereza vimezungukwa na majirani wenye mawakili. Mlangoni kuna mtu na kipima sauti. Kiwango kinatofautiana, mara desibeli 105 gari likiwa limesimama, mara 98, na kuna viwanja vinavyopima hata gari likiwa linapita. Aliyezidi anarudi nyumbani, na kiingilio hakirudi naye.

Watengenezaji wakubwa waliiona biashara hii zamani, na namna wanavyoiendesha inastahili kuchunguzwa. Porsche hao hao walitoa Boxster Spyder ya kilo 1,275, nyepesi kwa kilo 80 kuliko Boxster S, baada ya kuondoa kiyoyozi, redio na paa la umeme, na kuweka kamba za kitambaa badala ya vitasa vya ndani. Renault walikwenda mbali zaidi mwaka 2008 na Mégane R26.R: hakuna kiti cha nyuma, vioo vya nyuma vya plastiki, boneti ya kaboni, jumla kilo 123 pungufu. Lilikuwa gari la familia lisiloweza kubeba familia, na leo wakusanyaji wa magari wanaligombania.

Alpine, walio chini ya Renault, wamefanya kazi hiyo kwa ustadi zaidi. Kwenye A110 iliyotoka mwaka 2017 na uzito wa karibu kilo 1,100, viti vya Sabelt vina kilo 13.1 kila kimoja, na kwa kuiunganisha breki ya kuegesha ndani ya kalipa ya nyuma ya Brembo waliokoa kilo 2.5. Hayo yote yamo kwenye bei ya kawaida ya gari. Kisha mwaka 2022 ikaja A110 R, yenye rimu za nyuzi za kaboni na bamba la kaboni pale palipokuwa na kioo cha nyuma. Tofauti yake na A110 S ni kilo 34, na nyongeza ya bei ilikuwa ya makumi ya maelfu ya pauni. Igawanye mwenyewe uone kama ile betri ya 2009 bado inaonekana ghali.

Kinachosahaulika kwenye hesabu ni gharama zinazorudi kwa mlango wa nyuma. Gari likipungua kilo 100 linainuka, kwa kuwa springi zilikatwa kwa uzito wa mwanzo. Inabidi springi na shokapu zibadilishwe, kisha gari lipimwe juu ya mizani minne, mmoja chini ya kila tairi, na lipangwe upya. Gari lisilo na paa linahitaji upinde wa chuma wa kumlinda dereva likipinduka, na upinde huo unarudisha kilo 15 au zaidi. Sipendekezi yeyote aubanie. Anayeng'oa usukani wenye mfuko wa hewa ili aweke mdogo mwepesi atakutana na ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, unaoitazama mifuko hiyo na taa yake ya onyo. Bima ya kawaida nayo haihusiki na siku ya saketi, na kampuni ambayo haikuambiwa kuhusu marekebisho ina sababu nzuri ya kukataa madai hata ya ajali ya barabarani.

Kwa upande mwingine, vilivyong'olewa ni mali. MX-5 za kwanza zimeingia umri wa kukarabatiwa kama urithi, na Mazda yenyewe ilitangaza huduma ya kuzifufua huko Japani mwaka 2017. Zulia lisilotoboka, viti vizima na redio ya asili vinatafutwa na warekebishaji. Mwenye busara anavifunga kwenye maboksi na kuviweka juu darini, kwa sababu gari lililochunwa bila vifaa vyake linauzwa kwa bei ya gari linalosubiri kuchinjwa.

Na waliokuwa walimu wa wepesi wako wapi? Lotus ya Hethel, Norfolk, ndiyo iliyolitoa Elise mwaka 1996: kilo 725, likiwa juu ya fremu ya aluminiamu iliyounganishwa kwa gundi badala ya kuchomelewa, fremu yenyewe kilo 68 tu. Utengenezaji wake ulisimama mwaka 2021. Kampuni iliingia mikononi mwa Geely ya China mwaka 2017, na gari lake la umeme aina ya Eletre, linalotengenezwa Wuhan, lina uzito wa takriban tani mbili na nusu, yaani Elise tatu na bado inabaki chenji. Kibiashara siwezi kuwalaumu. Magari mepesi hayakuwahi kuifanya Lotus itajirike, na soko la dunia linataka milango minne na betri kubwa.

Nafasi iliyoachwa imebaki kwa Caterham, iliyonunua haki za Lotus Seven mwaka 1973 na haijaacha kulitengeneza. Seven 170 yenye injini ya Suzuki ya cc 660 ina kilo 440. Kampuni ni mali ya VT Holdings ya Japani tangu 2021, na mwaka 2023 ilihamia kiwanda kipya Dartford. Mteja akitaka bado anaweza kuletewa gari likiwa vipande ndani ya maboksi, aliunge mwenyewe gereji kwake, na kwenye orodha ya bei ya baadhi ya modeli kipasha joto kinalipiwa pembeni.