Ndege Isiyokuwapo: Kuunda Kielelezo kwa Vipande vya Mseto

Mwanafunzi anayeunda kielelezo cha ndege iliyopo huiga kazi ya mtu mwingine. Anayeunda kielelezo cha ndege isiyokuwapo, kwa kuunganisha bawa la ndege hii na kiwiliwili cha ile, hana wa kumwiga. Inambidi afikiri kama mhandisi. Makala hii yaeleza jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa darasani, na hesabu zinazotofautisha ndege ya kubuni na rundo la vipande vilivyogandishwa kwa gundi.

Tuchukue haja iliyo wazi. Kutoka Keza, katika milima ya Ngara, hadi hospitali ya rufaa ya Bugando mjini Mwanza ni mwendo mrefu kwa mgonjwa mahututi. Wazo la kumfuata mgonjwa kwa ndege si geni Afrika ya Mashariki, kwani huduma ya madaktari warukao ya AMREF ilianzishwa mwaka 1957. Basi tubuni ndege ya wagonjwa itakayoweza kuruka kutoka kiwanja kifupi cha udongo, kilichoko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Mseto uliowahi kuruka

Msomaji asidhani kwamba kuchanganya vipande ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 1941, nchini China, ndege ya abiria aina ya DC-3 ilishambuliwa kwa mabomu ya Wajapani ikiwa chini, na bawa lake la kulia likaharibika. Bawa la akiba la DC-3 halikupatikana. Mafundi wakachukua bawa la DC-2, ndege ya awali ya kiwanda hicho hicho cha Douglas, wakalifunga chini ya tumbo la ndege nyingine na kulisafirisha hadi mahali pa ajali. Bawa hilo lilikuwa fupi kwa mita 1.5 hivi kuliko lile la kushoto, lakini lilikubali kufungwa. Ndege ikaruka hadi Hong Kong, na watu wakaiita DC-2½.

Mseto ule ulifaulu kwa sababu ndege zile mbili zilikuwa za ukoo mmoja, na viungo vya mabawa yao vililingana. Hata hivyo, bawa fupi hunyanyua kidogo kuliko refu, na ndege ya namna hiyo huelekea kulalia upande mmoja mpaka rubani aisawazishe. Kipande kinaweza kuingia mahali pake na bado kikadai malipo.

Skeli ni sheria

Kila seti ya vipande vya kielelezo huwa na skeli yake, kama ilivyo kwa ramani. Katika skeli ya 1:72, sentimita moja ya kielelezo huwakilisha sentimita 72 za ndege yenyewe. Katika skeli ya 1:48, sentimita hiyo huwakilisha sentimita 48.

Kwa kiwiliwili cha ndege yetu tuchague Twin Otter, ndege ya injini mbili ambayo Air Tanzania iliwahi kuitumia. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni mita 19.8. Katika skeli ya 1:72 mabawa hayo yatakuwa sentimita 27.5.

Je, yatatosha kwa kiwanja chetu cha milimani? Katika usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225 hivi. Katika kimo cha mita 1,500 ni kilo 1.06 tu, yaani asilimia 86. Nguvu ya kunyanyua hutegemea uzito huo wa hewa, eneo la bawa, na mwendo wa ndege. Tukitaka ndege iondoke ardhini kwa mwendo ule ule, hatuna budi kuongeza eneo la bawa. Moja tukiigawa kwa 0.86 tunapata 1.16, basi eneo lizidi kwa asilimia 16. Twin Otter ina eneo la mita za mraba 39. Ndege yetu yahitaji mita za mraba 45 hivi. Upana wa bawa ukibaki vile vile, urefu utakuwa mita 23, au sentimita 32 katika kielelezo.

Mtego wa eneo

Sasa tuseme tumepata bawa la ndege ndogo ya Cessna Caravan, kutoka katika seti ya skeli ya 1:48. Bawa la ndege yenyewe ni mita 15.9, katika kielelezo ni sentimita 33. Mwanafunzi atafurahi: likikatwa nusu sentimita kila ncha, latosha!

Asiharakishe. Bawa hilo likibandikwa kwenye kiwiliwili cha 1:72, vipimo vyake vyote hukua mara moja na nusu, maana 72 kugawa kwa 48 ni 1.5. Urefu ukikua mara 1.5, na upana nao mara 1.5, eneo hukua mara 2.25. Mita za mraba 26 za Caravan zitageuka kuwa 58, na hata baada ya kukata ncha litabaki bawa kubwa na zito kupita haja yetu. Dawa yake ni kupunguza upana pia: kutoka wastani wa sentimita 3.4 hadi 2.75, kwa kusugua ukingo wa nyuma kwa msasa. Hapo ndipo hesabu na gundi zinapokutana.

Pasipokuwa na seti

Shule nyingi hazina seti za dukani. Sheria ya skeli haijali kipande kimetoka wapi. Mrija wa kalamu wenye kipenyo cha milimita 8 huwakilisha, kwa 1:72, sentimita 58. Injini ya PT6 inayotumiwa na Twin Otter ina kipenyo cha sentimita 48 hivi, kwa hiyo itaenea ndani ya mrija huo. Kifungo cha shati cha milimita 11 huwa gurudumu la sentimita 79, linalofaa kiwanja cha udongo. Bua la mahindi lililomenywa hutoa kiwiliwili, na kadibodi hutoa mabawa. Lililo muhimu ni kwamba mlango, madirisha na magurudumu, ambavyo jicho hutumia kukadiria ukubwa, viwe vya skeli moja. Mlango ambao mgonjwa juu ya machela hawezi kupita huiumbua ndege nzima.

Kikomo cha kielelezo

Mwalimu awatahadharishe wanafunzi juu ya jambo moja. Kielelezo cha 1:72 kilichoundwa kwa vitu vile vile kama ndege yenyewe kingekuwa na eneo la sehemu 1 ya 5,184, lakini uzito wa sehemu 1 ya 373,248. Kila gramu yake ingebebwa na bawa kubwa mara 72 kuliko gramu ya ndege kamili. Kwa hiyo kielelezo kikielea vizuri darasani, hakijathibitisha kwamba ndege yetu itamfikisha mgonjwa Mwanza. Kimethibitisha tu kwamba aliyekiunda anajua swali la kuuliza baadaye.

Zoezi

Pima kwa rula vitu vitano vilivyomo darasani. Kwa kila kimoja, tafuta kipimo chake katika skeli ya 1:72 na ya 1:48, kisha utaje sehemu ya ndege kinayoweza kuwakilisha. Halafu ukokotoe bawa linalohitajika kwa kiwanja ambacho hewa yake ina asilimia 80 ya uzito wa hewa ya pwani. Jibu hilo liandikwe kabla gundi haijafunguliwa.