Saratani ya Ngozi Usoni: Ikatwe Yote Kwanza, Ndipo Uso Ujengwe

Mji wa Kitale, Kenya, uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Hata siku ya baridi jua lake huunguza, kwa kuwa kila unapopanda mita 1,000, miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10. Mkulima mwenye ualbino anayepalilia mahindi Trans Nzoia au miwa Bungoma hana rangi ya kumkinga. Saratani ya ngozi humwanza mapema, hasa puani, masikioni, midomoni na mashavuni.

Wengi hukimbia kisu wakihofia kubaki na tundu usoni. Hofu hiyo ina msingi, lakini uso unaweza kujengwa upya. La muhimu ni mpangilio wa kazi.

Saratani hutambaa chini ya ngozi kupita pale jicho linapoona. Katika miaka ya 1930, Frederic Mohs wa Wisconsin, Marekani, alibuni njia ya kukata tabaka jembamba, kuchunguza ukingo wake wote kwa darubini, kisha kukata tena pale tu ugonjwa uliposalia. Njia hiyo hutaka maabara kando ya chumba cha upasuaji. Pasipo maabara hiyo, daktari hukata uvimbe pamoja na milimita kadhaa za ngozi nzima, halafu kwenye kipande alichokata hushona uzi mfupi ukingo wa juu na mrefu ukingo wa kando. Kwa nyuzi hizo, mtaalamu wa patholojia hujua saratani imebaki upande gani. Kidonda hufungwa bendeji hadi majibu yatoke.

Majibu yakiwa safi, ujenzi huanza. Kwa pua, ngozi ya paji huteremshwa ikiwa bado imeshikamana na mshipa wake wa damu karibu na nyusi. Baada ya wiki tatu hivi huwa imeota mishipa mipya, na sehemu iliyoiunganisha na mshipa huo hukatwa. Ukiiteremsha mapema, saratani iliyosalia hukua imefichwa chini yake, na ngozi ya paji imeshatumika.

Kidonda cha usoni kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali ya kaunti kikatwe kipande cha kupimwa. Mwenye ualbino ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate losheni ya kukinga jua. Na kabla ya kukubali kushonwa, muulize daktari: kingo zote zimepimwa zikawa safi?