Lenzi ya Wajihi na Hatua za Mpiga Picha

Mtu aingiaye dukani kuulizia lenzi ya kupigia picha za sura za watu aghalabu hukabiliwa na swali moja tu, nalo ni la fedha aliyo nayo mfukoni. Na lau muuzaji angalikuwa na subira ya kumwuliza la pili, lingalimfaa zaidi kuliko lile la kwanza: je, bwana, umpigapo mtu picha, hupenda kusimama mbali naye kiasi gani? Swali hili laweza kuonekana la upuuzi, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuamini kwamba wajihi wa mtu pichani huumbwa na kioo, kwamba kioo kimoja huvimbisha pua na kingine huipunguza, na kwamba fundi asiye na kioo cha thamani hana budi kuwatoa watu na nyuso wasizozaliwa nazo. Imani hiyo ina nusu ya ukweli, na ile nusu iliyokosekana ndiyo yenye manufaa kwa mnunuzi.

Tuchukue uso wa mtu mzima, ambaye ncha ya pua yake imeyatangulia masikio kwa kadiri ya sentimita 12. Kamera ikiwa nusu mita kutoka puani, masikio yatakuwa sentimita 62 kutoka kwenye kamera hiyo, na kwa kuwa kila kitu hupungua kwa kadiri kinavyokwenda mbali na jicho, pua itachorwa kwa kipimo kilichozidi kile cha masikio kwa karibu robo nzima. Mpiga picha akirudi nyuma hata mita 2, zile sentimita 12 zitakuwa si kitu mbele ya umbali wote, na pua itazidi kwa sehemu 6 tu katika 100, ziada ambayo hapana mtu ataisema. Msomaji ataona kwamba katika hesabu hii haikutajwa lenzi yoyote. Naam, tia lenzi ya milimita 35 kamerani, kisha uitoe utie ya milimita 135, bila ya kuondoka mahali uliposimama, halafu ukate uso peke yake katika picha zote mbili na kuukuza sawasawa: pua itakuwa ni ile ile na masikio yale yale. Simu zetu, ambazo watu huzilaumu kila siku kwa kuwaharibia sura, hazina hatia nyingine ila kwamba hushikwa kwa urefu wa mkono, na kioo chake kimefanywa kipana makusudi ili uso uenee katika umbali ule mfupi.

Mtu atauliza, mbona basi mama amtazamapo mwanawe aliyempakata hamwoni na pua kubwa? Jawabu lilikwisha kutolewa zamani sana. Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo karibu na mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba mtazamaji hahukumu ukubwa wa kitu kwa pembe kinayoifanya jichoni peke yake, bali huichanganya pembe ile na maarifa yake ya umbali, na kwa ajili hiyo mtu aliye karibu haonekani jitu wala aliye mbali haonekani kibete. Picha haina neema hiyo. Itazamwapo ukutani au katika ukurasa wa gazeti, umbali aliosimama mpiga picha umekwisha kupotea, imebaki pembe tu, na mtazamaji huisoma pua ile kana kwamba aliiona akiwa ameketi mbali kwa adabu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo siri ya kipimo cha mita mbili ambacho wapiga picha wa kila taifa wamekirejea tena na tena. Sura tunayoihifadhi ya baba, ya shangazi au ya jirani si ile iliyoonwa kwa shubiri mbili. Ni sura ya mtu aliyeketi upande wa pili wa baraza au ng'ambo ya mkeka, mita moja na nusu hadi tatu kutoka tulipo, na huo ndio umbali ambao watu wasiokuwa wa nyumba moja huzungumza kwa staha pasipo mmoja kuinua sauti. Picha iliyopigwa kutoka hapo humfanya aijuaye sura ile aseme bila ya kusita, "Ndiye hasa." Na mpiga picha aliyesimama hapo aweza kumwambia mzee ainue kidevu kidogo, au kumchekesha bibi harusi aliyeshikwa na haya, kwa sauti ya kawaida, ilhali aliye mita tano nyuma ya lenzi ya milimita 200 hana budi kupiga kelele, na nani awezaye kutulia usoni huku akifokewa, hata kama anafokewa kwa wema?

Umbali ukiisha kuchaguliwa, lenzi hujichagua yenyewe. Katika kamera yenye fremu ya milimita 36 kwa 24, kipimo kilichoenezwa duniani na kamera ya Leica tangu 1925, mtu asimamaye mita 2 na kutaka kichwa na kifua vijae katika picha iliyosimama wima anahitaji lenzi ya milimita 85, ambayo hapo huona eneo la kadiri ya sentimita 54 kwa 80. Kwa picha iyo hiyo, lenzi ya milimita 105 itamrudisha nyuma hata mita mbili na nusu, ya 135 zaidi kidogo ya mita tatu, na ya 50 itamvuta mbele hata mita moja na shubiri. Hizo ndizo namba ambazo maduka huziita za sura, nazo hazina uganga ndani yake. Ni hatua za miguu zilizogeuzwa kuwa milimita.

Shahidi mzuri wa jambo hili ni picha ya msichana wa Kiafghani iliyopigwa na Mmarekani Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar nchini Pakistan, ikatolewa juu ya jalada la National Geographic mwezi wa Juni 1985. Lenzi ilikuwa Nikkor ya milimita 105 yenye tundu la kupitishia nuru la f/2.5, chombo cha umbo la wastani kilichokuwa mikononi mwa waandishi wa habari wengi, wala si cha anasa. Watu huyasifu macho ya msichana yule, na ni haki yao. Lakini atakayeitazama picha kwa makini ataona pia kwamba uso umetulia katika vipimo vyake, hapana kilichotangulia wala kilichodidimia, na kwamba kilichomo nyuma yake kimefifia bila ya kufutika.

Huko kufifia, kunakoletwa na tundu pana, ndiko kunakowatia wanunuzi wa leo wazimu, na tarehe yake ni ndefu kuliko wanavyodhani. Njia ya kutoa picha ya Mfaransa Daguerre ilipotangazwa Paris mwaka 1839, lenzi za wakati ule zilikuwa na tundu jembamba mno hata mtu atakaye picha yake alilazimika kukaa juani dakika kadha wa kadha pasipo kutikisika, na baadaye mafundi wakabuni kishikizo cha chuma cha kukizuia kichwa kwa nyuma. Tusishangae basi kwamba mababu wa Ulaya katika picha zile wana nyuso za watu waliohukumiwa. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna, akisaidiwa katika mahesabu na askari wa mizinga ambao kukokotoa ilikuwa kazi yao, alibuni lenzi yenye tundu la kadiri ya f/3.6, na fundi wa vioo Voigtländer akaiunda. Nuru iliyopitishwa na lenzi hiyo ilizidi ile ya zilizotangulia kwa zaidi ya mara kumi. Ilikuwa kali katikati, walakini pembezoni ilitia ukungu na kuzungusha kila kitu. Na kwa kuwa katika picha ya mtu hapana anayekwenda kutafuta pembezoni, aibu hiyo ikasitirika, hatimaye ikapendwa. Petzval na Voigtländer walikuja kukosana, kama itokeavyo kwa wengi walioshirikiana katika jambo lenye faida. Mwaka 2013 kampuni ya Lomography iliifufua lenzi ile kwa kamera za kisasa, ukungu wake na yote, na watu wakatoa fedha nyingi kununua kasoro ambayo mafundi wa karne nzima walijitahidi kuiondoa.

Lililo muhimu kwa mnunuzi ni kujua anachokipata anapolipia tundu kubwa, ambalo huandikwa kwa namba ndogo. Lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa hata f/1.8, kwa mtu aliye mita 2, eneo litakaloonekana kwa ukali wake wote ni la kadiri ya sentimita 6 kwenda ndani. Nasi tumekwisha kusema kwamba kutoka pua hata sikio ni sentimita 12. Jicho likiwa kali, basi, sikio limekwenda, na hereni pamoja nalo. Ukiliziba tundu hata f/4 unapata sentimita 13, na kwa f/5.6 karibu 19, yaani kichwa kizima. Mimi sina mapenzi na picha ambazo kope mbili tu ndizo zilizosalimika. Mzee aliyevaa kofia ya viua, ambayo mshonaji ameitoboa na kuipitisha sindano miezi mingi, hakuivaa ili igeuzwe moshi mweupe juu ya kipaji. Wala mwanamke aliyetiwa hina tangu jana na kupambwa kwa dhahabu hadi shingoni hatafurahi kuona kwamba mpiga picha alizitupa zote ili aoneshe ubora wa kioo chake. Seydou Keïta wa Bamako, aliyeanza kazi mwaka 1948 na kuwapiga watu picha uani kwake kwa mwanga wa jua na kamera kubwa ya sentimita 13 kwa 18, aliyaacha maua ya vitambaa vyao yasomeke moja moja, na picha zile leo zimo katika majumba ya makumbusho ya dunia.

Illa tusiwanyime insafu wenye tundu kubwa: faida yake ya kweli ni nuru. Katika ukumbi wa harusi usiku, ambamo taa zimewekwa kwa ajili ya kupendeza wala si kwa ajili ya kuona, f/1.8 hupitisha mwangaza karibu mara tano ya f/4, na karibu mara kumi ya f/5.6, ambayo ndiyo kadiri ya ile lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera ikivutwa hadi mwisho wake. Mtu mwenye shughuli hizo asinyimwe. Bali tundu la f/1.4 au f/1.2, ambalo bei yake hupanda kwa kasi na uzito wake huumiza mkono, ni la mwenye wateja wa kulilipia.

Wengi wa wanaoanza wana kamera zenye fremu ndogo, kiasi cha milimita 24 kwa 16, na kwao hesabu hubadilika kwa heri. Fremu ndogo hukata pembezoni mwa picha, hivyo lenzi ya milimita 50 humwekea mpiga picha mpaka ule ule ambao lenzi ya 75 ingaliuweka katika fremu kubwa, au ya 80 kwa kamera ndogo za Canon; na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ni miongoni mwa zilizo rakhisi katika orodha ya Canon. Kijana aliyekwisha kununua kamera hana haja ya kungoja miaka miwili akiba ya lenzi ya 85. Fauka ya hayo, chumba nacho kina kauli yake: katika studio ya mtaani yenye urefu wa mita tatu, ukitoa nafasi ya pazia, ya kiti cha mteja na ya mpiga picha mwenyewe, lenzi ya 85 juu ya fremu ndogo haitampata mtu ila kichwa.

Wapo pia wateja wasiotaka kichwa na kifua. Zanzibar, tangu Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930 na hata mwanawe Rohit alipoirithi, na kadhalika katika studio za Mombasa na Lamu, watu wengi walipenda kupigwa wakiwa wamesimama wima na mavazi yao yote, viatu vikiwemo. Na fundi seremala naye hutaka aonekane pamoja na benchi lake la kazi. Kwa picha hizo lenzi ya 50 au ya 35 haina dhambi yoyote, madhali mpiga picha yu mbali ya kutosha na mtu hakuwekwa ukingoni mwa fremu, ambako kioo kipana humtanua.

Limebaki la lenzi za mtumba, ambazo kwa wengi ndiyo njia pekee. Zile za zamani zisizo na mota hutaka jicho na vidole vya kulenga, na kwa tundu lililo wazi mtu akipumua tu ametoka katika zile sentimita 6. Kamera za siku hizi hulitafuta jicho la mtu zenyewe, na mpigaji wa harusi asijidai ushujaa. Lakini adui mkubwa katika miji yetu ya pwani ni kuvu, ambayo huota baina ya vioo kwa sababu ya unyevu na giza la mkoba, ikatandaza nyuzi nyembamba zinazofifisha picha na hatimaye kula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Kabla ya kulipa, fungua tundu lote, washa tochi upande mmoja, na utazame kwa mshazari kutoka upande wa pili. Vumbi kidogo si kitu, ila ukiona utando, rudisha lenzi mezani hata kama jina lililoandikwa juu yake ni kubwa, na ikiwa umeinunua iliyo safi, iweke katika chombo kinachofungika pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu.