Kiungo cha tela cha lori la kijeshi

Kiungo cha tela ni sehemu ya chuma inayofungwa nyuma ya gari ili liweze kuvuta tela. Kwenye malori mazito ya kijeshi, kiungo hicho huwa ni ndoano kubwa ambayo mdomo wake hufungwa kwa komeo na pini. Malori hayo yanapouzwa kwa raia, wamiliki wengi hutengeneza kiungo kingine ili wavute matela ya kawaida. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini kiungo kikikatika barabarani, tela hukimbia lenyewe na linaweza kuua watu.

Ndoano ya jeshi

Mfano unaojulikana sana ni lori la Marekani aina ya M35, lililoanza kutumika miaka ya 1950. Lina ekseli tatu, na zote huendeshwa na injini. Liliruhusiwa kuvuta takriban kg 2,700 pasipo na barabara na kg 4,500 kwenye barabara nzuri.

Tela la jeshi hilo lina pete nene yenye uwazi wa mm 76 hivi, ambayo hutumbukizwa katika ndoano. Kwa kuwa pete ina nafasi ya kucheza, lori na tela huweza kuinama kila moja upande wake kwenye mashimo bila kuvunja kitu.

Matela ya kiraia ya Marekani, kwa kawaida, hayana pete bali kikombe kinachokaa juu ya tufe la chuma, mara nyingi lenye kipenyo cha mm 51 au 59. Tena tela hizo hukaa chini zaidi kuliko ndoano ya lori. Kwa hiyo fundi hulazimika kushusha tufe chini ya chasisi.

Tatizo la kushusha

Kadiri tufe linavyoshushwa, ndivyo bamba linalolishikilia linavyokuwa wenzo. Momenti ni kani mara umbali.

Tuchukue tela la kg 3,000 lisilo na breki zake. Dereva akifunga breki kwa nguvu, mwendo ukipungua kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde, tela husukuma lori kwa kani ya niutoni 15,000. Tufe likiwa mita 0.4 chini ya mahali pa kufungia, momenti ni niutoni-mita 6,000. Kama bamba limefungwa kwa safu mbili za bolti zilizoachana kwa mita 0.2, safu moja huvutwa na nyingine hugandamizwa kwa niutoni 30,000, yaani mara mbili ya msukumo wenyewe. Ndiyo sababu bamba linaloning'inia huongezewa mihimili ya mshazari inayokwenda mbele hadi kwenye chasisi na kufanya umbo la pembetatu.

Kufunga kwenye chasisi

Chasisi nyingi za malori mazito ni za feleji iliyoimarishwa kwa joto. Moto wa kuchomelea unaweza kuondoa uimara huo karibu na mshono, na ufa ukaanzia hapo. Kwa hiyo kiungo chenyewe huchomelewa kikiwa pembeni, kisha hufungwa kwenye chasisi kwa bolti za nguvu, kwa mfano za daraja la 10.9. Matundu hutobolewa kwenye ubavu wa chasisi, si kwenye kingo zake za juu na chini zinazobeba mkazo mkubwa zaidi.

Umeme na breki

M35 hutumia umeme wa volti 24, lakini taa za matela ya kiraia ni za volti 12, hivyo huhitajika kifaa cha kupunguza volti. Breki za tela nazo ni lazima zifanye kazi pamoja na za lori. Minyororo miwili ya usalama hufungwa kwenye chasisi au kwenye boriti yake imara, si kwenye tufe, ili ibaki ikishika kiungo kikikatika.

Uwezo wa kuvuta

Uwezo wa mfumo mzima ni ule wa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Lori likiwa na nguvu ya kuvuta kg 4,500, lakini tufe limepimwa kwa kg 2,000, mzigo halali ni kg 2,000. Nguvu ya lori haiongezi nguvu ya tufe. Humfanya tu dereva asihisi kwamba amepita kiasi.